Beringi Zilizofichwa Makabatini

Beringi ni ile pete ya gololi inayoshika shafti inayozunguka. Yenye namba 6205 ina tundu la milimita 25, kipenyo cha nje cha milimita 52 na unene wa milimita 15. Iwe imetoka Sweden, Japani au China, vipimo havibadiliki. Tarakimu mbili za mwisho ukizizidisha kwa 5 unapata tundu, ndiyo maana 6204 inaingia kwenye shafti ya milimita 20 na 6206 kwenye ya milimita 30. Herufi zinazofuatia ndizo za kuangalia vizuri: ZZ ina vifuniko vya bati pande zote mbili, 2RS ina vya mpira, na C3 imeachiwa nafasi zaidi ndani kwa ajili ya mota inayopata joto sana.

Kwenye kompyuta ya stoo ya vipuri ya kiwanda cha plastiki nilichofanyia kazi hapa Dar es Salaam, beringi hiyo moja ilikuwa na mistari mitano. Kulikuwa na "Bearing 6205", "Beringi 6205ZZ", "6205-2Z", "Beringi mota konveya" na "Beringi ndogo kompresa". Kila mstari ulikuwa na salio lake. Mmoja ulisoma sifuri, kwa hiyo ofisi ya manunuzi ikawa inaagiza nyingine. Mwingine ulionyesha mzigo ambao hakuna aliyeuomba tangu uingie. Na 6205ZZ na 6205-2Z, kwa taarifa yako, ni kitu kilekile. Watengenezaji wanatofautiana tu namna ya kuandika kifuniko cha bati. Fundi aliyeandika fomu akitumia namba iliyosomeka kwenye boksi la zamani aliambiwa hakuna, na boksi lenyewe lilikuwa rafu ya pili, mkono wa kushoto.

Watu wakisikia nimekaa miaka mingi kwenye stoo za viwanda huniuliza wanunue programu gani ya kufuatilia mali. Siku hizi zipo za kila bei, nyingine unazifungua kwenye simu. Huwa nawajibu kwa swali: saa 8 usiku mashine ikisimama, nani anaruhusiwa kuingia stoo? Wengi hukasirika kidogo. Wanaona nimekwepa.

Mashine ya ndoo haijali kuwa stoo kipa anaishi Chanika na simu yake imeisha chaji. Zamu ya usiku inaendelea, stoo ilishafungwa tangu jioni, ufunguo uko mfukoni mwa mtu aliyelala. Beringi inapiga kelele, halafu inasimama. Supavaiza anahesabu ndoo ambazo hazitatoka mpaka asubuhi, na asubuhi ataulizwa yeye. Katika hali hiyo kuna mafundi wa aina mbili. Yupo anayefuata utaratibu, anayesema tusubiri stoo ifunguliwe, naye ataonekana mzembe. Na yupo anayekwenda kwenye kabati lake la nguo, anatoa beringi iliyofungwa gazeti chini ya ovaroli, na baada ya saa moja mashine inaunguruma. Huyu wa pili ndiye atakayesifiwa kwenye kikao cha asubuhi. Kila kijana wa mafunzo kwa vitendo aliyekuwepo usiku ule amejifunza somo lake, na halikuwa somo la kujaza fomu.

Ukifungua makabati ya mafundi katika kiwanda chochote chenye zamu tatu utakuta stoo ya pili. Kuna fyuzi, kontakta, mikanda, vitufe vya paneli, oringi kwenye kopo la maziwa. Kwa maoni yangu sehemu kubwa ya mali hiyo haikuibwa wala haitaibwa. Wizi upo, nisidanganye mtu, lakini kitu kilichoibwa kimepita getini na kimekwisha. Kilichofichwa bado kiko ndani ya ukuta wa kiwanda, kimelipiwa, na kwenye hesabu kimeandikwa kuwa kimetumika. Kiwanda kitakinunua tena, na fundi mwingine naye atakificha.

Wazee niliowakuta kazini walikuwa na sababu zaidi ya zamu ya usiku. Wao waliingia viwandani mwishoni mwa miaka ya 1970. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda, vita na Uganda vya 1978 na 1979 vilikuwa vimekausha hazina, na fedha za kigeni za kuagizia vipuri zilipatikana kwa mgawo. Viwanda vikubwa vilivyotaifishwa au kujengwa baada ya Azimio la Arusha vilisimama nusunusu. Mashine moja ilifunguliwa vifaa ili nyingine itembee. Serikali ilijaribu kutafuta dawa ya ndani. SIDO, shirika la viwanda vidogo, ilikwisha anzishwa 1973, TEMDO, shirika la kubuni mitambo, ikafuata Arusha 1980, na huko Hai, Kilimanjaro, kikajengwa kwa msaada wa Bulgaria kiwanda cha kutengeneza mashine za kutengenezea mashine. Lakini fundi wa zamu hakuweza kusubiri sera. Alijifunza kwamba kipuri ulichokiona leo hutakiona kesho, na akamfundisha aliyekuja baada yake. Leo ukishuka kwenye maduka ya Gerezani au Kariakoo unachagua beringi kwa bei na kwa rangi ya boksi, feki na halali, ila mkono wa fundi bado unakwenda kabatini.

Meneja mmoja aliletwa pale kwetu akitokea kiwanda cha vinywaji. Hakuanza na kompyuta. Alitangaza msamaha wa wiki moja: meza itawekwa kantini, kila mwenye kifaa cha kiwanda akiweke, hakuna jina litakaloandikwa. Siku ya kwanza meza ilikaa tupu. Siku ya pili mzee mmoja wa umeme akaja na mfuko wa salfeti, akaumwaga mbele ya watu wote, akaenda kunywa chai. Baada yake meza haikutosha. Kulikuwa na kontakta za mashine iliyouzwa chuma chakavu zamani, na beringi ambazo ofisi ya manunuzi ilikuwa imeziagiza kwa haraka na kwa ndege.

Mameneja wengi wangeishia hapo, wakapiga picha ile meza na kuandika ripoti. Huyu aliuliza kitu gani kilihitajika usiku na hakikupatikana. Kutokana na majibu likatengenezwa kabati dogo la chuma, likawekwa karibu na ofisi ya supavaiza wa zamu, likajazwa vipuri vile tu vinavyosimamisha mashine. Mlango wake ulifungwa kwa lakiri ya plastiki yenye namba, hizi zinazokatwa mara moja tu. Ukihitaji kitu usiku unakata lakiri, unachukua, unaandika kwenye kaunta buku iliyofungwa kwa kamba hapohapo: kifaa gani, mashine gani, jina. Asubuhi stoo kipa anaanza kazi kwa kutazama lakiri. Ikiwa nzima, anaendelea na chai yake. Ikiwa imekatwa, anasoma kaunta buku, anarudishia kilichotoka, anafunga lakiri mpya na kuandika namba yake. Hakuna aliyelazimika kuaminiwa kupita kiasi. Makabati ya nguo yalianza kupungua vyuma, si kwa siku moja, na si yote.

Lile suala la mistari mitano nalo lilikwisha kwa amri ndogo isiyopendeza: mtu mmoja tu ndiye mwenye ruhusa ya kufungua jina jipya la kifaa kwenye kompyuta. Jina linaanza na aina, inafuata namba ya mtengenezaji, mwisho ndiyo maelezo. Mashine ambayo kifaa kinatumika si jina la kifaa, kwa sababu beringi haijui kuwa ni ya konveya. Na badala ya kusubiri kuhesabu stoo nzima Desemba, wakati wakaguzi wamekaa na kalamu zao na watu wote wamechoka, tukawa tunahesabu rafu chache kila asubuhi. Ukikuta tofauti ya jana, mtu bado anakumbuka. Tofauti ya Machi ukiigundua Desemba, unabaki kuandika "marekebisho".

Zana za mkono ni habari nyingine, na hapo mimi ni mtu wa zamani kabisa. Karakana zilikuwa na ubao uliochorwa umbo la kila spana kwa rangi, na kila fundi alikuwa na visahani vyake vya shaba vilivyogongwa namba yake. Ukichukua spana unaacha kisahani kwenye ndoano yake. Zamu ikiisha, supavaiza anatupa jicho ubaoni: pengo bila kisahani ni tatizo la sasa hivi, pengo lenye kisahani lina mwenyewe. Haihitaji umeme wala nenosiri. Nimeona viwanda viking'oa ubao huo na kuweka kompyuta ndogo ambayo fundi mwenye mikono ya grisi anatakiwa kuigusa kioo. Ubao una upungufu wake, haukuambii mikromita ilipelekwa lini kuhakikiwa TBS, shirika la viwango, na kwa vifaa vya kupimia hilo ni jambo kubwa. Kwa hiyo viwekee kadi vya kupimia. Spana namba 17 iache kwenye ndoano.

Sasa nije kwenye vile vimiraba vyeusi na vyeupe vya QR, maana kila muuzaji wa programu anaanza navyo. Wengi tunavijua kwenye risiti za EFD, zile mashine za kodi za madukani, na kwenye mabango ya lipa namba. Asili yake ni kiwandani, na ni kisa ambacho napenda kukisimulia kwa sababu kimenyooka. Toyota, chini ya mhandisi Taiichi Ohno, ilikuwa na utaratibu wa kadi ulioitwa kanban. Ohno aliuchukua kutokana na namna supamaketi za Marekani zilivyojaza rafu: mteja akishachukua, ndipo bidhaa nyingine inaletwa. Kila boksi la vipuri lilitembea na kadi yake. Boksi likifunguliwa, kadi inarudi kwa aliyelitengeneza, na hiyo ndiyo ruhusa yake ya kutengeneza jingine. Bila kadi, hakitengenezwi kitu wala hakisogezwi.

Baadaye kadi zikaongezewa mistari ya bakodi. Bakodi inabeba herufi kama 20 hivi, na vipuri vya gari vina maelezo mengi, kwa hiyo boksi moja likawa na bakodi karibu 10. Wafanyakazi wa Denso, kampuni ya vipuri iliyo ndani ya kundi la Toyota, walikuwa wanazipiga mwanga moja moja kutwa nzima, na wakalalamika kuwa wanachoka. Mhandisi Masahiro Hara na wenzake wachache wakatafuta alama inayobeba maelezo mengi kwa mpigo mmoja. Mwaka 1994 wakatoa QR: inabeba tarakimu hadi 7,089, na ile miraba mitatu ya pembeni inaiwezesha mashine kuisoma hata boksi likiwa limegeuka. Kampuni ilihifadhi hati miliki lakini haikudai ada kwa wanaoitumia, ndiyo maana leo ipo hadi kwenye kibanda cha chipsi.

Angalia mpangilio wa mambo. Kadi ilitangulia, ikatiiwa kwa miaka mingi. Bakodi ikaja kuirahisisha kadi. QR ikaja kuwapunguzia watu uchovu. Sisi tunaanzia mwisho. Kiwanda kinalipa mtaalamu, anabandika stika za QR kwenye mashine zote, anafundisha watu siku mbili, anaondoka. Hakuna kazi yoyote inayokwama mtu asipoiskani, kwa hiyo hawaiskani. Halafu kuna mambo ya mahali penyewe. Silinda ya mashine ya plastiki inapasha zaidi ya nyuzi 200, stika iliyobandikwa karibu yake inajikunja kama jani la mgomba juani. Oili inayeyusha gundi. Nyingine nimeiona imebandikwa kwenye hopa, ile faneli ya kumimina malighafi, na hopa zikibadilishana mashine, utambulisho nao unahama. Bamba dogo la chuma lililochongwa namba na kufungwa kwa riveti kwenye fremu litakuzika wewe na mimi. Na atakayekuuzia vitambulisho vya redio vya RFID muulize kwanza kama vimetengenezwa kwa ajili ya chuma, maana vile vya kawaida ukivibandika moja kwa moja kwenye chuma havisomeki vizuri, na kiwanda ni chuma kitupu.

Kitu kinachostahili kitambulisho kizuri kuliko vyote kwenye plastiki ni moldi. Ni pande la chuma la mamia ya kilo linaloipa plastiki umbo lake, na moldi yenye umbo tata inaweza kuwa na bei kubwa kuliko mashine inayoifunga. Moldi ina umri wake unaohesabiwa kwa mapigo, yaani mara ngapi imefungwa na kutoa bidhaa, si kwa miaka, kwa hiyo kaunta ya mashine isomwe kila inapofunguliwa na namba iandikwe kwenye kadi ya moldi, siyo ya mashine. Halafu moldi hutoka nje. Inakwenda kuchomelewa, kusuguliwa, kuongezwa tundu la maji. Hapo ndipo zinapotea, tena kwa karatasi halali kabisa. Geti pasi nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya mzigo unaoondoka moja kwa moja, na mlinzi akishaichana nakala yake kazi imekwisha. Tulitengeneza ya rangi nyekundu kwa vitu vinavyotakiwa kurudi, yenye tarehe, na nakala yake ilitundikwa msumarini pale getini mpaka kitu kirudi. Mlinzi ambaye hajui moldi ni nini anaweza kukuambia kuna karatasi ya mwezi uliopita bado inaning'inia.

Malighafi yenyewe inafuatiliwa kwa mizani, na mizani haibembelezi. Chembe za plastiki zinakuja kwenye mifuko ya kilo 25. Tuseme zamu imeingiza kilo 1,000. Ndoo nzuri zimepimwa kilo 930, mabaki ya kusaga upya kilo 45, mabonge ya kusafishia mashine kilo 15. Kilo 10 hazina maelezo, na hizo ndizo za kuzungumzia asubuhi, siyo zile 990. Mtego mkubwa uko kwenye mabaki. Yakisagwa yanarudi kwenye mashine, na karani akiyaandika kama malighafi mpya bila kuyatenga, baada ya miezi miwili hesabu inaonyesha kiwanda kinatoa plastiki nyingi kuliko inayoingia. Nimewahi kuona ripoti ya namna hiyo imepigwa muhuri na watu watatu.

Kuna upotevu mwingine ambao mlinzi hawezi kuukamata kamwe kwa sababu unapita getini mchana, na ankara mkononi. Ndoo iliyopangwa kuwa gramu 600 ikitoka na gramu 615, umetoa asilimia 2.5 bure. Katika ndoo 1,000 hizo ni kilo 15. Mteja hatalalamika. Kwa hiyo mizani midogo kando ya mashine, na ndoo moja kupimwa kila baada ya muda, inalinda mali kuliko kamera nyingi zinazotazama migongo ya watu.

Hewa ya kompresa nayo ni mali, ingawa sijaona ikiandikwa kwenye leja. Wizara ya Nishati ya Marekani inasema mivujo mara nyingine hupoteza asilimia 20 hadi 30 ya hewa inayozalishwa. Kupima kwako huhitaji mtaalamu: Jumapili mashine zote zikiwa zimezimwa, washa kompresa peke yake na uishike saa. Ikisukuma dakika 2 na kupumzika dakika 6, mgawo wa 2 kwa 8 ni robo, na robo hiyo inavuja kwenye mabomba, maana hakuna aliyekuwa anaitumia. Umeme pia una tabia yake. Mteja mkubwa wa TANESCO halipii yuniti tu, analipia na kilele cha mahitaji yake kwa mwezi kinachopimwa kwa kVA. Vipasha joto vya mashine zote vikiwashwa pamoja Jumatatu alfajiri, asubuhi hiyo moja inaweza kupanga malipo ya mwezi mzima. Ratiba ya kuwasha kwa zamu imeandikwa kwa chokaa ukutani sehemu moja ninayoijua, na inafanya kazi.

Nimebakiza mota, ambazo hakuna mfumo niliouona unaozishughulikia vizuri. Mota ikiungua inapelekwa kwa fundi wa kusuka, inarudi na waya mpya ndani ya mwili uleule na bamba la namba lilelile. Kwenye leja ni mota ileile. Kwenye mita ya umeme si lazima iwe ileile, maana ikisukwa ovyo, au chuma chake kikipata moto kupita kiasi wakati wa kung'oa waya wa zamani, inakula umeme mwingi kwa kazi ileile. Mpe kila mota kadi yake binafsi: namba, ilikaa mashine gani, ilisukwa lini, na nani, kwa shilingi ngapi, na ilivuta ampea ngapi siku iliporudishwa. Tulipozijaza kadi hizo kwa mara ya kwanza kutokana na risiti za zamani, kulikuwa na mota moja ya pampu ya maji ya kupozea iliyokuwa kipenzi cha idara kwa kuwa "inatengenezeka". Mhasibu alijumlisha risiti zake za kusukwa. Tungeweza kununua mpya mbili, na bado yenyewe ilikuwa kwa fundi.